Mimi Hawakuniuliza Maswali

Donda ndugu halimnukii mwenye donda. Hilo ndilo la kwanza nataka mlijue, ninyi mtakaolipata baada yangu. Utajua kwamba umeoza kwa kutazama nyuso za watu. Mtu anakuja kukujulia hali, anapiga hodi, halafu anasema yote aliyokuja kusema hapohapo mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine njiani. Shemeji yangu alinisalimia hivyo msimu mzima. Siku zile sikumlaumu, nilikuwa sina nguvu. Sasa ninazo, namlaumu.

Mguu wangu umefunga. Kovu lina upana wa kiganja, linang'aa, halioti nywele, na kifundo hakikunjiki tena. Natembea kwa gongo. Ninaandika haya kwa sababu wanawake wananijia kutoka Nyangamara na hata Kilangala, mmoja anaburuta mguu, mwingine ameshika mkono wa mtoto asiyesema, na wote wana swali moja: Mama Sijaona, ulifanyaje? Nimechoka kurudia. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Herufi nilifundishwa misheni nikiwa na mvi tayari, miezi mitatu tu, kwa hiyo makosa ya mkono mnisamehe. Hasira msinisamehe. Hiyo nimeiweka kwa makusudi.

Sijaona ni binti yangu wa mwisho. Alizaliwa kitovu kimemzonga shingoni, hakulia mpaka mkunga alipommwagia maji baridi. Alianza kutembea wakati wenzake wa rika lake wanachota maji kisimani. Maneno yake ni machache, na anahesabu mpaka tatu, basi. Sasa ni mwanamke mzima, mikono minene, na gunia ambalo wanaume wawili wanasaidiana yeye analiinua peke yake. Ukimwonyesha kazi anaielewa polepole, lakini akishaielewa haimtoki. Anacheka matangani. Kwenye sala anaitikia "Amina" watu wakiwa wameshakaa. Huyo ndiye mwanangu.

Ninaye mwingine, Kasimiri, kaka yake. Huyo alipelekwa misheni akiwa mdogo, akasoma, akawa mwalimu wa dini. Yeye ndiye anayefundisha watu katekisimu, yeye ndiye anayewauliza maswali, na yeye ndiye anayemwambia Padre nani yuko tayari kupokea Komunyo na nani bado. Padre ni Mdachi, mgeni. Watu wa kwetu anawajua kwa mdomo wa Kasimiri. Hilo mliweke akilini.

Kabla sijafika kwenye mguu, lazima niseme ya vita.

Maji Maji ilipofika kwetu, yule mjumbe wa dawa alisimama uwanjani na chungu chake akamnyunyizia kila aliyesimama mbele yake. Sijaona alijipanga mara mbili, maana alipenda ule ubaridi. Yule mtu akacheka. "Na huyu naye," akasema, "risasi itamwogopa," akamnyunyizia tena. Yale maji yalikuwa uongo. Mume wangu alikufa nayo shingoni, na askari wakaja wakachoma nyumba, wakachoma maghala, wakachoma na mtama uliokuwa bado umesimama shambani. Nimeyalaani maji yale mpaka leo. Lakini nasema kweli: uongo ule ulimhesabu mwanangu kuwa mtu. Alisimama kwenye mstari kama wengine, akapewa kama wengine, hakuulizwa neno.

Ikaja njaa. Kasimiri alikuwa Lindi mjini pamoja na wamisheni waliokimbia. Aliyetulisha ni Sijaona. Ming'oko haioni kila mtu. Mimi nikitazama kichaka naona kuni tu, yeye anaona kijiti kikavu kimejisokota, anapiga magoti, anachimba mpaka mkono unazama kwapani, anatoka na mzizi. Alichimba yetu, akachimba ya watoto wa jirani, nyumba nne. Tulipomwambia inatosha alisema, "Bado." Mwisho akavimba miguu, akavimba uso, akalala haamki. Masista walikuwa wamerudi wakati ule, wanapita nyumba kwa nyumba na uji. Wakamtazama. Mmoja akatikisa kichwa. Wakambatiza palepale juu ya jamvi, wakamwita Tekla. Hakuulizwa swali hata moja, kwa sababu alikuwa anakufa.

Hakufa. Nadhani hapo ndipo alipowakosea.

Mimi nilibatizwa mwaka uliofuata, mzima wa afya, na nilipita kwenye maswali ya Kasimiri. Nilikariri. Jioni kwa jioni, kama kasuku, swali hili jibu lake hili. Nusu yake sikuielewa, na robo siielewi hata leo. Nikasimama, nikaimba yote, nikapewa Komunyo. Nikampeleka na Sijaona.

Kasimiri akamuuliza dada yake, "Tekla, Mungu yuko wapi?"

"Huko," akasema Sijaona, akaonyesha njia ya kisimani.

"Umetenda dhambi gani?"

Akafikiri sana. "Nilikula ming'oko ya Mama."

Watu wa darasani wakaangua kicheko. Kasimiri hakucheka, alinivuta pembeni. "Mama, usinilazimishe. Hajui anachopokea."

"Wewe unajua?"

"Mimi nimefundishwa."

"Sikukuuliza kama umefundishwa."

"Mama, ananiaibisha mbele ya watu!" Hapo akasema kweli. Akaongeza kwamba siku za Jumapili ingefaa Sijaona abaki nyumbani alinde kuku. Tulikuwa na kuku mmoja.

Basi sasa mguu.

Tulikuwa tunalima pamba ya jumbe, ile ya kulazimishwa, na kisiki kikanikwaruza juu ya kifundo. Kikwaruzo, ukubwa wa punje ya mtama. Sikukitazama mara mbili. Siku ya tano kikawa lengelenge, siku ya kumi lengelenge likapasuka na chini yake hapakuwa na ngozi tena, palikuwa na kitu cha kijivu kama ugali uliolala. Nilitia majivu, nikatia majani, nikatia mrututu kutoka dukani kwa Mhindi, ule unaochoma mpaka unaona nyota mchana. Donda likanywa vyote likaongezeka. Msifanye nilivyofanya. Msingoje mvua mbili zipite. Mimi nilingoja kwa sababu nilikuwa na hasira na misheni, na hasira haiponyi mguu.

Mvua za tatu zilipoanza, sikuweza tena kukanyaga. Sijaona aliniinua mgongoni kama mtoto, akafunga kanga kifuani, akanibeba mpaka misheni. Tulitoka alfajiri, tukafika jua likiwa utosini. Njiani alipumzika mara tatu, na kila mara alihesabu kwa sauti.

Nyumba ya dawa ilikuwa na baraza, na barazani benchi la miti. Watu walikaa kwa utaratibu ambao hakuna aliyeupanga: wenye kikohozi karibu na mlango, wenye macho katikati, wenye madonda mwisho kabisa, upande upepo unakokwenda. Nilipowekwa chini, kila mtu alijisogeza kidogo kidogo, kama hataki nione. Mama mmoja tu mwenye matende hakusogea. "Kaa hapa, mwenzangu," akasema, "mimi pua yangu niliifunga tangu mwaka wa njaa." Akacheka peke yake. Mama yule sikumjua jina, na hakuna siku niliyoketi pale nisimwombee.

Sista alikata. Hapo sina maneno mengi. Alikata kilichooza kwa mkasi, akamimina dawa ya zambarau, akafunga bandeji, akasema nirudi siku ya nne. Toka hapo nilihesabu siku zangu kwa bandeji. Sikusema "mwezi jana," nilisema "bandeji ya sita." Tulipewa kibanda nyuma ya nyumba ya dawa, mimi na Sijaona, na kati ya bandeji na bandeji donda lilitakiwa kuoshwa kila siku kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Nani ataosha? Kasimiri anaishi pale pale misheni, hatua mia. Alikuja jioni, akasimama mlangoni, leso puani, akanisomea sala. Mke wake alikuwa na mimba, akaambiwa na wazee asiingie penye harufu ya maiti. Uji alileta, lazima niseme, kila siku, anauweka juu ya jiwe nje na kugonga ukuta. Uji ule nilikula na nilishukuru. Lakini mkono wa kuosha haukutoka upande ule.

Sista akamwonyesha Sijaona mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Sijaona akaelewa, na haikumtoka. Kila asubuhi anapasha maji, anatia kiwiko chake kwanza kupima moto, anamwaga, anafuta, anamwaga. "Moja. Mbili. Tatu. Basi." Mimi nilikuwa navuta mguu, nalia, namtukana. Ndiyo, nilimtukana. Nilimwita majina ambayo nilikuwa nimewakataza watu wa kijiji wasimwite. Yeye anashika kisigino kwa mkono ule mnene, hakazi wala halegezi, anasema, "Tulia, Mama. Bado." Siku mabuu yalipotokea nilifumba macho. Yeye aliyatoa moja moja kwa kijiti, tena anayahesabu, tatu, tatu, tatu.

Ninyi mnaouguza, mgonjwa akiwatukana msimjibu. Nanyi wagonjwa, mkishapona ombeni radhi. Mimi niliomba. Sijaona alisema, "Maji yalikuwa moto?" Alidhani nililia kwa sababu hiyo tu.

Jumapili alinibeba kanisani. Kanisa lile jipya, la udongo na makuti, la zamani liliungua vitani. Niliwekwa nyuma, kwenye mkeka. Jumapili ya pili Kasimiri alimshika dada yake mkono akamtoa nje, akamkalisha chini ukutani pamoja na mbuzi wa misheni, eti "Amina" yake inamkatiza Padre. Nilikuwa mkekani, siwezi kusimama. Nilisikia "Amina" yake ikipenya ukuta wa udongo, peke yake, imechelewa kama kawaida. Nilitafuna kanga yangu kwa hasira mpaka ikatoboka. Tundu lipo, sikulishona.

Mtama ulipofika magotini, homa ikanipanda. Siku zilizofuata sizijui, nawaeleza nilivyoelezwa. Wanasema zilikuwa tisa. Mguu ulivimba mpaka pajani, mishipa ikapiga mistari myekundu. Sista alikwishakata tamaa. Wakamwita Padre aniletee Komunyo ya mwisho, na kwa desturi yao, Komunyo ikitoka kanisani kwenda kwa mgonjwa, mbele yake anatangulia mtu na kengele, na kila aliyeko njiani anapiga magoti. Aliyeshika kengele alikuwa mwanangu Kasimiri. Njia nzima kutoka kanisani mpaka kibandani watu walipiga magoti vumbini. Kwa ajili yangu. Mimi niliyenuka.

Bandeji ya kumi na tisa, au ya ishirini, nikaamka nina njaa. Sista alikuwa anafunga mguu. Sista huyu ni mtu mwema, mcheshi, na alilosema alilisema kwa wema.

"Mama Sijaona, umetuchekesha! Katika homa yako uliniita mbuzi jike. Na Padre ulimfukuza, ulisema amekuja kuchoma mtama."

"Lini?"

"Siku aliyokuletea Komunyo. Ulipiga kelele kwa Kimwera, ukasema Mungu amekufa njaa, yuko kisimani. Halafu ukanyamaza, ukafungua mdomo kama kinda, Padre akakupa."

Nikauliza, "Kabla ya kunipa, aliniuliza maswali?"

"Angekuulizaje? Ulikuwa hujijui."

"Sikujijua."

"Hata jina lako hukulijua. Lakini usiwe na wasiwasi," akanishika mkono, "Mungu alikuwa anakujua wewe."

Ndugu zangu, mimi nimechomewa nyumba. Nimezika mume bila sanda. Nimekatwa nyama yangu kwa mkasi nikitazama. Lakini sijapata kusikia hasira kama ile iliyoniingia hapo, kwenye kibanda kile, kutoka kinywani mwa mtu mwema. Sijaona alikuwa amechuchumaa mlangoni anasugua jungu la maji yangu. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na huyu, Sista? Mungu hamjui huyu?"

Sista akatazama bandeji. "Hilo ni la Padre na mwalimu," akasema.

Jioni mwalimu akaja na leso yake. Nikamwambia, "Ingia." Akasita. "Ingia, Kasimiri, au nitambae nikufuate huko nje." Akaingia.

"Wewe ulishika kengele," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Nililia njia nzima."

"Ulijua kwamba akili sina."

"Ulikuwa mgonjwa, Mama! Mgonjwa ana ruhusa."

"Dada yako tangu azaliwe hana akili mnazotaka ninyi. Mimi siku tisa sikuwa nazo, nikapigiwa kengele. Yeye miaka yote, anawekwa na mbuzi. Nieleze, mwalimu. Nifundishe. Mimi mjinga."

"Mama, wewe ulishajua, halafu ukapotewa. Yeye hajajua kamwe. Ni tofauti."

"Nilijua nini? Niulize sasa hivi. Toa kitabu chako."

Hakutoa. Akasema nimedhoofika, nipumzike. Mwanangu niliyemzaa mwenyewe ananiambia nipumzike!

Dada yangu wa Kilwa Kivinje alikuja kuniona siku zile. Yeye ni Mwislamu, kama jamaa wengi wa kwetu, na tuliishi hivyo bila ugomvi. Nikamweleza. Akapiga kofi gotini. "Kwetu, mtu kama Sijaona kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi. Wenu wamemwandikia dhambi gani?" Nikasema ya ming'oko. Akacheka mpaka akalia, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu kisiki. Kisha akanipaka mafuta mgongoni, ambako kulala kulikuwa kumenichubua, akakaa siku nne bila kuziba pua.

Pasaka ilifika, mtama umetoa masuke. Nilikuwa naweza kusimama kwa gongo. Nilikwenda mbele pamoja na wapokeaji, nikapiga goti la mguu mzima kwenye wigo wa mianzi ulio mbele ya altare. Padre akafika kwangu, akainua mkono. Kasimiri alikuwa pembeni yake ameshika kile kisahani cha kukinga chini ya kidevu. Nikafumba mdomo.

Padre alingoja. Akadhani sijamwona. Akasogeza mkono. Nikatikisa kichwa, midomo nimeibana. Akaenda kwa mwingine. Kanisa zima liliona. Jumapili iliyofuata nikaenda tena, nikapiga goti, nikafumba mdomo. Ya tatu vivyo hivyo. Watu wakasema homa haijaniacha. Mke wa Kasimiri alikuja kuniangukia miguuni, uji mkononi, "Mama, unamwua mume wangu kwa aibu." Nikamwambia amwambie mumewe aibu haiui, kama ingeua ningekuwa nimekufa barazani kwenye benchi.

Baada ya Jumapili ya nne Padre aliniita. Nikaenda na Sijaona. Padre alikuwa amekaa mezani, Kasimiri amesimama na kitabu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," nikaitikia. Nikakaa bila kuambiwa, mguu wangu haungoji.

"Mama, kwa nini unamkataa Bwana?"

"Simkatai. Nangoja kuulizwa maswali. Mara ya mwisho ulinipa bila kuniuliza, nilikuwa nakuita mchoma mtama. Niulize sasa. Nikishindwa, nikae nje na mbuzi."

Padre akamtazama Kasimiri. Kasimiri akatazama kitabu. Naona Padre ndipo alipojua habari ya mbuzi.

Halafu akasema si maswali yote ni ya lazima. Liko moja ambalo mtu hawezi kupita bila hilo. Ni lazima ajue kwamba mkate ule si chakula kama cha nyumbani. Akamgeukia binti yangu mwenyewe, bila kupitia kwa mwalimu, mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Tekla. Mkate wa kanisani na chakula cha nyumbani, tofauti yake nini?"

Kasimiri akafumba macho. Mimi moyo ulinidunda mpaka kwenye donda. Nilitaka kumnong'oneza jibu, nalijua jibu, niko nalo mpaka leo. Nikajizuia.

Sijaona alifikiri. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake.

"Cha nyumbani napewa," akasema. "Hicho nanyimwa."

Hakuna aliyecheka. Padre aliweka kiganja juu ya meza akakitazama. Kasimiri akaanza, "Padre, hajalielewa swali," na Padre akamwambia, "Nyamaza, mwalimu."

Mngedhani yameisha. Hayakuisha. Padre alisema atampa. Lakini Jumatatu, asubuhi mapema, siku ambayo watu ni wachache, ili wengine wasikwazike.

"Wengine gani?" nikauliza. "Wale ambao watoto wao wamekuwa wakubwa kwa ming'oko yake?"

"Mama, kidogo kidogo."

"Mimi mliniletea kwa kengele, watu magoti vumbini, nami natukana. Huyu mnataka mumpe kama anayeiba. Hapana. Padre, donda halimnukii mwenye donda. Hapa pananuka, na ninyi ndio hamsikii."

Nilisema hivyo. Kwa Mdachi, tena baada ya vita, wakati watu walikuwa wanachapwa viboko kwa kuchelewa tu kuamka kwenda shamba la pamba. Sijaona akaninyanyua tukaondoka. Bandeji ilikuwa ya thelathini na mbili.

Jumapili tano zaidi nilifumba mdomo. Ndipo ilipokuja sikukuu ya Mwili wa Bwana, mtama unavunwa, watu kutoka vijiji vyote wamejaa mpaka nje. Asubuhi ile Kasimiri alikuja kibandani. Hakuwa na leso. Akasimama, akatazama Sijaona akiosha, moja, mbili, tatu, basi. Akasema, "Padre amesema aje. Mbele, na watu." Hakusema zaidi, na mimi sikumsaidia.

Tulipiga magoti kwenye mianzi, yeye kushoto kwangu. Kengele ya altare ililia. Padre akaja na mstari wake, mmoja, mwingine, akafika kwa Sijaona. Nilimtazama mdomo. Aliufungua kabla hajaambiwa, akapokea, akafumba. Padre akaja kwangu, nami nikafungua wangu.

Wengine wote waliinuka kwenda kukaa. Sijaona hakuinuka. Amepiga magoti, mikono juu ya mwanzi, mashavu yametulia. Nyuma yake watu wamesimama wanangoja nafasi. Kasimiri akainama na kile kisahani chake, akamnong'oneza, na mimi nilisikia: "Dada, inuka. Inuka, watu wanangoja."

"Tulia, Kaka," akasema Sijaona. "Bado."

Padre alisikia. Alikuwa ameshafika mwisho wa wigo, mkono uko hewani. Akaushusha, akangoja. Kanisa likangoja. Niliwasikia kuku wa misheni nje. Halafu, alipomaliza kwa kadiri yake mwenyewe, ikatoka, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde: "Amina!"

Na wengine, hata sijui ni nani aliyeanza, wakaitikia nyuma yake. Kwa mara ya kwanza wao ndio waliochelewa.

Msinitarajie niwashukuru. Watu wameniambia, Mama Sijaona, sasa mpe Padre kuku. Sitoi kuku. Hawakumpa mwanangu kitu chao. Kasimiri anakuja siku hizi, anaingia mpaka ndani, anakaa. Nampikia. Bado sijamaliza naye.

Mwenye donda: chumvi, maji ya vuguvugu, kila siku, wala usingoje mvua mbili. Mwenye mtoto kama wangu: mpeleke mbele, mpeleke na Jumapili, mpeleke wakati wewe ni mzima na miguu yako miwili, usingoje mpaka uoze ndipo ujue nani atakuosha. Wakisema hajui, waulize wao wanajua nini, kisha nyamaza wajibu.

Mguu huuma mvua zikikaribia. Leo unauma. Sijaona ameshaweka maji motoni, ingawa donda limefunga zamani na hakuna cha kuosha. Nilimwambia limekwisha. Alishika kisigino changu, akatazama kovu, akasema bado.